Muulize Shangazi wa Dirishani: Mimba ina miezi minne, ninunue bima au ningoje?

Mwezi huu nimechagua barua tatu. Jibu la kwanza ni refu, mniwie radhi. Kwa wasionijua, nilikaa miaka 19 nyuma ya dirisha la malipo la hospitali moja ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa, nikipokea dipoziti, nikitoa risiti na nikitukanwa kwa bili ambazo sikuziandika mimi. Nimestaafu. Siuzi bima ya mtu yeyote.

*Shikamoo shangazi. Naishi Kisauni, nina miaka 29. Alfajiri nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Mume wangu ni kibarua magodauni ya Shimanzi, leo ana kazi kesho hana. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa 2019 kwa Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kujifungua bure, sikutoa hata senti. Sasa nina mimba ya miezi minne. SHA, hii bima ya afya ya serikali, nimejiandikisha tu. Niliambiwa nilipe 6,480 za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, nikaona ningoje kwanza. Wiki jana akaja wakala wa kampuni ya bima, asema kwa shilingi 34,000 nitapata kadi ya kulazwa na ya uzazi kwenye hospitali za maana. Pesa zangu za mchezo wa upatu zanifikia mwisho wa mwezi. Shoga yangu aniambia tumbo bado halijatokeza, nisiseme kama nina mimba. Ninunue sasa, au ningoje nijifungue kwanza? — Mama Mahamri, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na hongera. Pesa za mchezo zikikufikia, usimpe wakala. Ngoja nikwambie kwa nini, kisha nikwambie pa kuzipeleka.

Bima ya kampuni ina saa yake. Saa hiyo haianzi siku uliyougua wala siku uliyojua una mimba. Inaanza siku pesa zimefika kwa kampuni na bima ikatolewa kwa jina lako, na kuanzia hapo kila jambo lina muda wake wa kungojewa. Ajali kwa kawaida haingoji: ukiteleza kesho ukavunjika mkono, wanalipa. Maradhi ya kulazwa mara nyingi hungoja siku 30. Upasuaji usiokuwa wa haraka, siku 60 au 90. Maradhi uliyoingia nayo mwilini hungoja mwaka, na pengine zaidi. Uzazi ndio wenye safari ndefu, miezi 10 mpaka 12. Kampuni hupishana kidogo, lakini sijaiona hata moja inayomuuzia mwenye mimba bima ya uzazi leo ikamlipia mimba hiyohiyo.

Sasa piga hesabu, na hesabu haiwezi kumshinda mtu anayejua kilo ya unga inatoa mahamri mangapi. Una miezi minne, imebaki mitano. Ukilipa mwisho wa mwezi na kampuni ikangojesha miezi kumi, siku mlango wa uzazi unafunguka mwanao atakuwa anajifunza kukaa. Kadi nzuri unayo, umeivaa shingoni, na bili ya kujifungua ulishailipa zamani kwa pesa zako.

Shoga yako mwambie ameshauri vibaya. Tumbo laweza kufichwa na dera. Tarehe hazifichwi na kitu. Kila fomu ya madai ya uzazi niliyoipitisha pale dirishani ilikuwa na mahali daktari anaandika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kitabu chako cha kliniki nacho kina tarehe hiyohiyo. Karani wa bima hana haja ya kukuona tumbo. Anachukua tarehe hiyo, anachukua tarehe uliyolipa, anaziweka pamoja. Na kwenye fomu ya kuombea bima kuna swali lenyewe, je una mimba, na chini yake unatia sahihi kwamba uliyosema ni kweli. Ukishadanganya hapo, kampuni ina haki ya kukataa madai, hata kuivunja bima nzima. Nilimwona mama mmoja amevaa buibui lake, mtoto kifuani ana siku tatu, barua ya kukataliwa imefika asubuhi ile. Alikaa siku mbili zaidi kitandani akingoja ndugu zake wachange, na kila siku ya kitanda ilikuwa inaongeza bili. Aliyemwandikia barua ile wala hakuwa na makosa.

Basi pesa zipeleke wapi? Lipa SHA. Linda Mama uliyoizoea ilikuwa inapitia NHIF, bima ya serikali ya zamani, na NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, imeshafungwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 ndipo SHA iliposhika mahali pake. Wengi wenu bado mnazaa kwa kumbukumbu ya Linda Mama. Kujiandikisha peke yake, kama ulivyofanya, kunakutosha kutibiwa zahanati na kituo cha afya. Kulazwa na kujifungua kwataka mwaka uwe umelipiwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na juu ya hapo ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba. Kwenu wamepima wakaona 540, ndiyo hiyo 6,480.

Uzuri wa SHA kwako wewe ni huu: haikuulizi una mimba, una sukari wala una miaka mingapi. Viwango vilivyotangazwa ni shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya serikali pesa hizo zinakufikisha mbali. Ya kibinafsi huenda ikakutaka uongeze, na hapa nisikilize mimi niliyekaa hapo. Usiulize mapokezi, wale kazi yao ni kukukaribisha. Nenda dirisha la malipo, useme hivi: “Kwa mama wa SHA, kawaida naongeza ngapi, na ikigeuka upasuaji naongeza ngapi?” Uliza yote mawili, maana mwenye kupanga kawaida ndiye anayeamka usiku wa manane kwenye meza ya upasuaji. Ukijibiwa kwa maneno bila karatasi, andika jina la aliyekujibu.

Lipa mwisho wa mwezi huu, usingoje mwezi wa tisa wa mimba. Mimba haina kalenda ya ukutani. Presha ya mimba huja mwezi wa sita, wa saba, bila kubisha hodi, na mtu akakimbizwa hospitali ya Makadara na tuktuk. Siku hiyo si ya kubonyeza *147# ya SHA huku mume anatafuta nambari ya kitambulisho. Ukilipa sasa, mwaka wako unakubeba kliniki, unakubeba kujifungua, na unabaki na miezi kama saba ya mtoto mchanga. Ukishajifungua mwandikishe upesi. Na kama mchezo ukichelewa, upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole: mwaka unalipiwa wote kwa mkopo, nawe unarudisha kidogo kidogo. Mkopo lakini ni mkopo. Wewe pesa unazo, usikope.

Kutoka kwenye zile 34,000 zitakubakia 27,520. Hizo ndizo za nyongeza ya hospitali, za tuktuk ya usiku, na za siku arubaini ambazo mahamri hayatapikwa. Hazina kazi nyingine.

Umeuliza pia kama ungoje mpaka ujifungue. Kwa ile bima ya kampuni, ndiyo, ngoja, lakini usingoje sana. Kama mnataka mtoto wa tatu, wakati wa kununua ni pale wa pili bado ananyonya, hujashika mimba wala huna haraka. Na siku ile muulize wakala swali moja ambalo wengi hawaliulizi: miezi kumi hiyo mnahesabu mpaka siku ya kushika mimba, au mpaka siku ya kujifungua? Kuna kampuni za huku na kuna za kule, na tofauti yake ni kama miezi tisa. Akikwambia “usijali mama, yote sawa”, mrudishie kalamu yake. Na ukilipa, lipa kwa nambari ya kampuni, usilipe kwenye simu ya wakala. Pesa zikilala kwake wiki mbili, saa yako imelala wiki mbili.

Hii habari ya saa sikuisoma kitabuni.

Mume wangu ni fundi wa injini za mashua. Mwaka 2008 tulikaa kitako tukakubaliana tununue bima ya familia. Yeye alikuwa na miaka 46, hajawahi kulazwa hata usiku mmoja. Januari ikafika na karo, tukasema Juni. Juni ikaja na mvua, paa linavuja, tukanunua mabati. Mwaka wa pili ilikuwa harusi ya binti wa shemeji yangu, na nyinyi mnazijua harusi zetu: pesa ya bima ya mwaka mzima iliisha kwa asumini, pilau na madera ya sare ambayo tangu siku ile sijalivaa langu. Na mimi ndiye niliyekuwa nakaa dirishani! Kila siku naona watu wanalia kwa bili, jioni narudi nyumbani nasema mwakani.

Mwaka 2011 wakaja watu wa kupima presha bure karibu na soko. Alikwenda kwa mzaha tu, akarudi na kikaratasi kimeandikwa 170 juu ya 110. Wiki ileile nikakimbilia kampuni ya bima. Nakumbuka fomu ile mpaka leo. Swali lilikuwa katikati ya ukurasa wa pili: je, umewahi kuambiwa una presha? Nilishika kalamu kitambo kirefu. Mume wangu akaniangalia, hakusema neno. Nikaandika ndiyo. Wakaongeza ada, na wakaandika presha na yote yanayozaliwa nayo, kiharusi, figo, moyo, yangoje miezi 12.

Mwezi wa tisa wa kungoja, mkono wake wa kulia ukaanguka akiwa anafungua plagi za injini. Siku kumi na moja alilazwa, na hospitali ilikuwa ile niliyofanyia kazi. Bili ilipotoka ilikuja kwenye dirisha langu. Niliipiga muhuri mwenyewe, shilingi 212,600. Tuliuza injini mbili. Yeye yupo, alhamdulillahi, anatembea kwa bakora na jioni anacheza drafti barazani, akiwaibia wenzake kete kwa mkono wa kushoto. Kampuni ilifanya kama ilivyoandika. Tungelipa mwaka 2008, presha ingempata akiwa tayari ndani.

*Assalam aleikum dada. Nina miaka 59, nafanya kazi kampuni ya kuondosha mizigo bandarini. Nastaafu mwakani mwezi wa tatu. Bima ya kazini inakwisha siku hiyohiyo. Mke wangu ana sukari. Nimepanga nikipata kiinua mgongo changu ndipo ninunue bima nzuri ya sisi wawili bila kubana matumizi. Ni sawa? — Babu Mtarajiwa, Tudor*

Waaleikum salaam kaka yangu. Si sawa hata kidogo, na sababu ni tarehe yako ya kuzaliwa.

Kampuni nyingi hufunga mlango wa mteja mpya kwenye miaka 60, nyingine 65. Aliyeingia kabla huendelea kulipia upya miaka mingi mbele. Anayebisha hodi baada ya hapo hupelekwa kwenye bima za wazee, bei yake nyingine kabisa. Kiinua mgongo nacho kina tabia ya kuchelewa. Nimejua watu waliokingoja mpaka wakapitisha miaka hiyo wakiwa bado wanafuatilia faili. Basi omba bei sasa hivi, ukiwa bado na mshahara na bado una 59.

Jambo la pili ni la mkeo. Nenda kwa ofisa wa wafanyakazi umwombe barua inayoonyesha mmekuwa na bima miaka mingapi bila kukatika. Ukihama kutoka bima moja kwenda nyingine pasipo pengo, zipo kampuni zinazokubali kuupunguza ule muda wa kungoja, hata kwa mtu wa sukari, kwa kuwa alikuwa anatibiwa ndani ya bima. Si lazima wakubali. Lakini ukija miezi minne baada ya kustaafu huna hata la kuombea. Ukiweza iwe ileile kampuni inayowahudumia kazini, uwaulize kama mfanyakazi anayetoka anaweza kuendelea kwa pesa zake. Na sukari iandike kwenye fomu kwa herufi kubwa.

Jambo la tatu watu hulisahau. Ile asilimia 2.75 ya SHA inakatwa kwenye mshahara, mshahara ukikoma inakoma. Hakuna atakayekupigia simu. Siku ya mwisho kazini, ukitoka pitia Huduma Centre pale Posta, barabara ya Digo, wakubadilishe uwe mwenye kujilipia, upimwe upya kwa mapato ya pensheni, ulipe mwaka. SHA haina umri wa kukukataa, kwa hiyo hata bima ya kampuni ikikushinda bei, hiyo usiiachie.



*Shangazi habari. Mimi mvuvi wa Mtongwe, mke na watoto watatu. Hiyo SHA ya mwaka mzima sijalipa bado. Sasa ni kaskazi, bahari nzuri, niko kazini usiku na mchana sina nafasi. Nimeonelea ningoje kusi ikianza, nikikaa nyumbani ndio nishughulike nayo. — Mvuvi, Likoni*

Nzuri baba. Lakini umezigeuza. Kusi utakuwa na nafasi, pesa hutakuwa nazo.

Fikiria hivi. Malipo haya ni ya miezi kumi na miwili, na kanuni zinataka mwaka mpya ulipiwe siku 14 kabla wa zamani haujaisha. Siku utakayochagua mwaka huu itakurudia mwakani na mwaka unaofuata. Ukianza kulipa mwezi Juni, basi kila Juni, bahari imechafuka, mashua imepinduliwa mchangani, unga umepanda bei, SHA nayo inakudai. Utaruka mwaka mmoja tu, na mtoto ataugua mwaka huohuo. Ukianza Februari, itakukuta kila mara samaki wanavuliwa na matajiri wa Kongowea wanakungoja ufukweni.

Nafasi unayo, baba. *147# inabonyezwa hata ukiwa unangoja maji yapwe. Ikikusumbua, mpe mkeo kitambulisho avuke na feri mpaka Huduma Centre.

Wale wenzio waliokwisha kulipa Juni wafanye kikundi, kila mtu atoe kidogo kila mauzo makubwa ya kaskazi, mweka hazina awe mwanamke. Wenye bima za kampuni nao waangalie zaidi: kule ukipitisha siku za msamaha wa kuchelewa kulipa, ambazo aghalabu hazizidi 30, ukirudi unahesabiwa mgeni, na ile saa inaanza upya kabisa, uzazi miezi kumi, presha mwaka.

Ukilipa, ujumbe wa simu utakaokuja uupige picha au mkeo aunakili kwenye daftari. Simu za wavuvi nazijua zinapoishia.